Utomvu Juu ya Boneti

Gari halioshwi kama mbuzi, alikuwa akisema baba yangu, na kila aliyewahi kumsaidia kuosha ile pikapu yake alirudishwa mwanzo angalau mara moja. Ndoo zilikuwa mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia kitambaa, na ole wako uzichanganye. Maji yalitoka kwenye pipa la mvua lililokaa chini ya bati, kwa sababu ya kisimani yalikuwa na matope. Ulianza kwenye paa ukashuka, magurudumu mwisho, na jua liwe bado halijapanda. Vumbi halikufutwa kavu hata siku moja. Vumbi letu la kijijini Ndama, Karagwe, ni jekundu na lina mchanga ndani yake. Ukilisugua kavu, umeichora rangi. Kukausha kulikuwa kwa flana ya shati lake kuukuu. Mara moja kwa mwezi tulipaka nta ya nyuki, iliyoyeyushwa ndani ya maji ya moto, ikaepuliwa, kisha ikatiwa mafuta ya taa kidogo. Nta ile ilinuka asali na chemli kwa pamoja.

Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa ameendesha malori ya watu, akipeleka Bukoba kahawa ya watu. Ile pikapu nyeupe, aliyoinunua ikiwa imeshatumika, ndiyo ilikuwa ya kwanza kuitwa yake. Miaka ile sabuni ilipangiwa foleni, na mama alipata kumuuliza ni haki gani hii, gari litoe povu na watoto waoge maji matupu. Baba alimjibu kwamba ngozi ya mtoto hupona yenyewe, ya gari haiponi. Mama alicheka, lakini sabuni aliificha.

Mimi nilirudi nyumbani kutoka kwa mume mwaka mmoja baada ya mama kufariki. Binti aliyerudi kwao anajua kila mtu anavyomtazama, hata yule anayempa kiti. Baba hakuniuliza kilichonirudisha. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Aliweka ndoo mbili mlangoni pa chumba changu, akasema gari ni chafu. Sijawahi kukaribishwa mahali vizuri kuliko vile.

Wakati huo macho yake yalikuwa yameshaanza kuondoka. Ilikuwa presha ya macho, na ilimla pole pole kutoka pembeni kwenda katikati. Miezi ya mwisho alisema katika ua mzima kitu anachokiona bado ni weupe wa gari lake, kama ukungu kwenye migomba. Halafu na huo ukaenda. Hakulia mbele yetu. Alisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na aliwaambia hivyo wageni wote mpaka tukaichoka methali yenyewe. Kila Jumamosi alikaa kwenye kigoda chake karibu na gari, nami nikaosha, naye kwa kusikiliza maji tu alijua nimefika wapi. Nikimaliza aliuliza neno moja.

"Linang'aa?"

"Linang'aa, Tata." Tata ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

Basi alisimama, akapitisha kiganja juu ya boneti mara moja, akaenda kunywa chai yake ameridhika.

Kosa langu nililifanya kiangazi. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha gari baada ya baba kupofuka, alikuwa amechukua turubai la kulifunikia akaanikia kahawa. Baba hakuliona hilo, ila jua alilisikia kwenye ngozi, akawa ananihimiza nilifunike gari maana jua linakula rangi. Nikaingia shambani, nikakata majani mabichi ya migomba, yale mapana, nikayapanga juu ya paa na boneti tabaka kwa tabaka. Kwetu kila kitu kinafunikwa kwa jani la mgomba: ndizi chunguni, maji ndooni, pombe kwenye mtumbwi wa kuikamulia, hata mtoto mvua ikimkuta njiani. Sikufikiri mara mbili. Jioni ile ikaja habari kwamba shangazi yetu wa Kituntu amefariki, nami nikaenda msibani nikakaa siku nne.

Niliporudi majani yalikuwa yamekauka na kugandamana na bati. Niliyabandua moja moja, na chini ya kila uti wa jani palikuwa na mchirizi wa utomvu, umekuwa mweusi, umeteremka kutoka kwenye paa hadi kwenye boneti na mlango wa dereva. Mimi, niliyezaliwa ndani ya migomba! Hakuna mtu Karagwe asiye na nguo yake ya shambani, kwa sababu utomvu ukiingia kwenye nguo hautoki mpaka nguo iwe tambara. Mama alitupiga makofi kwa kumenya ndizi tukiwa na sare za shule. Lakini bati si nguo. Hilo ndilo lilikuwa wazo langu lote, kama nilikuwa na wazo.

Nilijaribu sabuni. Nilijaribu ndimu, mafuta ya taa, majivu kwa gunzi la hindi. Mwisho nikasugua kwa mchanga laini, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikijua kabisa ninachokifanya. Madoa hayakutoka, ila rangi ilififia, na mahali pamoja kwenye boneti ikatokeza rangi ya kijivu ya chini. Nilikaa chini nikalia nimeuma khanga, kwa sababu baba alikuwa ndani na masikio yake yalikuwa makali.

Jumamosi ikafika. Nikaosha. Akauliza, nikajibu linang'aa, Tata. Pale nilipopachubua nilikuwa nimepaka nta nzito, ili mkono wake upite ukiteleza. Ukapita. Niliyadanganya masikio yake, kisha nikaenda nikakidanganya na kiganja chake.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda karibu miaka miwili, kwa sababu watu walinisaidia kuirefusha. Kaka alinyamaza kwa ajili ya lile turubai. Majirani walipokuja kunywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, baba aliwaambia kwamba macho yameondoka lakini gari lake lingali jeupe kama maziwa ya asubuhi. Walilitazama gari, lina mabaka kama ng'ombe, wakanitazama mimi, kisha wakasema ni kweli, mzee. Hakuna aliyekuwa amepatana na mwenzake. Hata mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuwahi kumsamehe mtu kuchelewa ibada, alisema ni kweli. Niliwapenda kwa hilo, na niliwachukia. Kila aliposifiwa, baba alinyoosha shingo, na mimi nikaona nimechelewa Jumamosi nyingine tena. Kumwambia sasa kungekuwa ni kuwasema na wao wote.

Kisha mdogo wangu wa kike akachumbiwa na kijana wa Kibingo. Siku wakwe walipokuja kuzungumza habari za mahari mvua ilikuwa inanyesha na gari lilikuwa chini ya turubai ambalo kaka alikwisha lirudisha. Baba aliwaambia, tena kwa sauti ya juu, kwamba mkwe wao atafika kanisani katika gari jeupe kuliko gauni lake, na yeye mwenyewe atakaa mbele pamoja naye. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nikalirudisha jikoni kabla sijawagawia.

Watu wa Kibingo hawakuwa majirani zetu. Hakuna aliyewafundisha uongo wetu. Ingetosha mmoja wao kusema pale uwanjani pa kanisa, bila ubaya wowote, mbona mzee alisema jeupe, na baba angelisikia neno hilo mbele ya watu wote aliowahi kujisifia. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, wala si harusi. Kaka alitafuta rangi ya gari mpaka Kayanga, akarudi na chokaa ya ukuta. Nilicheka sana siku ile, kicheko ambacho ukikitazama vizuri si kicheko.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, niliosha gari kuliko nilivyowahi kuliosha. Ndoo mbili, paa kwanza, flana, nta. Baba alikuwa kwenye kigoda chake amevaa koti jipya, eti analizoesha mabega. Nilipomaliza alinyoosha mkono nikampa flana aikunje, kama kawaida yetu.

"Linang'aa?"

Nikazisogeza ndoo pembeni.

"Lina madoa, Tata. Ya utomvu. Nililifunika kwa majani mabichi ya migomba, nikaenda msibani."

Alidhani ni jambo la wiki ile. Aliniuliza msiba upi. Nikamtajia wa Kituntu.

"Shangazi yako alikufa mwaka juzi," alisema.

"Ndiyo."

"Na wanaokuja hapa wanayaona?"

"Wanayaona, Tata."

Alikaa na ile flana mapajani, akiikunja na kuikunjua. Nikaanza kusema ovyo. Nilimwapia kwamba hakuna mtu aliyecheka, hata mmoja, hata mara moja, kwamba wote wanamheshimu. Niliamini namfariji.

"Afadhali wangecheka," alisema.

Akainuka. Hakuigusa boneti. Alinyoosha mkono akautafuta ukuta wa nyumba, nami nikasogea kumshika, akasema ataupata mwenyewe.

Asubuhi kaka alilisogeza gari mlangoni. Wasichana walikuwa wamelifunga maua kila mahali, hasa pale juu ya boneti, na mdogo wangu alikuwa mzuri mpaka ukimtazama unasahau mengine. Baba alimwekea mkono kichwani, akamwombea kwa Kinyambo, lugha yetu, maneno marefu, akamwambia aingie garini. Kisha akasema yeye atatembea. Kaka alimsihi, mdogo wangu akaanza kulia na poda yake. Baba hakugomba wala kupandisha sauti. Alisema tu kwamba miguu yake ni mizima.

Kutoka kwetu mpaka kanisani ni mwendo wa karibu saa nzima. Alishika bega langu, fimbo mkono mwingine, koti jipya limefungwa vifungo vyote. Gari lilitufuata nyuma pole pole mpaka akasimama akamwambia kaka apite. Wakapita. Vumbi lao likatufunika, likamkalia kwenye koti, nami nilipotaka kumpangusa alinizuia mkono, akasema halipanguswi kavu.

Njiani watu walimsalimia. Shikamoo mzee, na yeye akaitika marahaba, kila mmoja, kwa adabu yake ileile. Lakini tulipokwisha kumpita mtu, vidole vyake vilinibana begani kidogo. Nadhani alikuwa anajiuliza kama na huyu alikuwa miongoni mwa wale waliosema ni kweli, mzee. Ningeweza kumjibu. Wengi wao walikuwa miongoni mwao.

Na wale wa Kibingo, ambao kwa ajili yao nilisema? Hakuna hata mmoja aliyetaja gari. Walimtazama bibi harusi, wakaimba, wakala, wakanywa, wakamchukua wakaenda. Pengine ningenyamaza siku moja zaidi yangepita, na mzee angekaa mbele na koti lake akipunga mkono. Pengine yasingepita. Nimeligeuza jambo hili miaka mingi na sijapata upande wake wa kulishikia.

Jumamosi iliyofuata nilitoa ndoo mbili na kigoda chake, nikakiweka mahali pake pa siku zote. Hakutoka. Nikaosha nikimwaga maji kwa kishindo kuliko kawaida, ili asikie nimefika wapi. Nilisikia akikohoa karibu na dirisha, kwa hiyo najua alikuwa anasikiliza. Nikakausha, nikapaka nta, safari hii nyembamba tu, inayostahili. Kisha nikasimama chini ya dirisha na flana mkononi, nikangoja. Jibu nilikuwa nalo, la kweli. Kama angetaka ningemsimulia doa moja moja, urefu wake na linapoishia.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Wageni walikuja na rubisi ikanywewa, naye alizungumza nao habari za mvua na kahawa, lakini ile methali ya macho na moyo sikuisikia tena kinywani mwake. Gari nililiosha kila Jumamosi, ndoo mbili, paa kwanza, jua likiwa halijapanda. Na kila nilipomaliza nilisimama chini ya dirisha lake nikangoja.

Hakuniuliza tena.