Mvuke Mgongoni mwa Kaka Yangu

Jarida lile nililileta mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu kwa miaka mingi nimewaacha watu waamini kwamba wazo lilimjia kaka yangu lenyewe, jinsi mafua yanavyomjia mtu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule moja nje kidogo ya mji wa Kakamega. Maktaba yetu ilikuwa imepokea masanduku ya majarida ya zamani kutoka ng'ambo, na kazi ya kuyachambua nikapewa mimi. Katika moja nilikuta picha ya mwanamume amesimama hewani. Hakuwa na mabawa wala kamba. Mgongoni alikuwa amebeba mitungi mitatu, na mabomba mawili yaliyopinda yalielekea chini, moja kila upande wa mabega. Miguu yake ilining'inia juu ya paa la gari, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayengojea chai.

Jumamosi nikaenda nalo nyumbani kumwonyesha kaka. Yeye alifanya kazi kwenye boila za kiwanda cha sukari, na alipenda chochote chenye mabomba. Tulikaa uani, mkewe akichambua mboga karibu nasi, nami nikawa namtafsiria maandishi.

"Huo ni moto unamtoka?" akauliza.

"Hapana. Wanasema kuna dawa inayomiminwa ndani, ikichemka inageuka mvuke. Kinachomwinua ni mvuke."

Akainua macho. "Mvuke?"

"Mvuke."

"Kama wetu wa kiwandani?"

Nikacheka, nikasema ndiyo, mvuke ni mvuke. Kisha nikamsomea yaliyobaki: kwamba jeshi lililotaka chombo kile lilikiacha, kwa sababu hakikuweza kumweka mtu angani zaidi ya sekunde ishirini hivi. Sidhani alisikia. Alikuwa amelishika jarida kwa mikono miwili, na mkewe alimwita mara mbili kabla hajaitika.

Sikurudi nyumbani kwa wiki kadhaa, mitihani ilikuwa imekaribia. Siku moja wakati wa chakula cha mchana nikaambiwa kuna mgeni langoni. Alikuwa mke wa kaka, na mimba yake ya miezi sita, miguu imejaa vumbi. Hakutaka kuingia chumba cha walimu.

"Mulamwa," akaniita, kama tunavyoitana mashemeji kwetu, "kuja uongeleshe ndugu yako. Mimi hanisikiangi."

"Amefanya nini?"

"Ametengeneza kitu. Leo asubuhi kimeua kuku."

Akanieleza akiwa amesimama palepale. Kaka alikuwa amechukua mtungi mnene wa chuma kutoka kwenye vyuma chakavu, akauchomelea mabomba mawili. Aliujaza maji, akauweka juu ya moto mpaka presha ikapanda, kisha akaufunga kwa mnyororo kwenye kisiki cha mkaratusi na kuufungua. Kuku alikuwa akipita nyuma. Walipomwokota, manyoya yalikuwa yametoka na nyama imekuwa nyeupe, imeiva, na macho bado yako wazi.

"Na kisiki?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Kisiki kimeinama," akasema.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema. Kaka alinipokea kwa furaha kama hakuna jambo. Alikuwa amekonda, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na lengelenge kubwa lililopakwa dawa ya meno. Akanionyesha kila kitu. Upande mmoja mtungi ulikuwa umeshonewa ngozi ya ng'ombe na magunia ili usimchome mgongo. Mikanda aliitoa kwenye pampu ya kunyunyizia dawa shambani. Kifungulio kilikuwa breki ya baiskeli. Palikuwa na geji ya presha, na juu yake valvu ndogo ya usalama, ile inayopiga mluzi na kutoa mvuke presha ikizidi.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu mbele yake: uzito wake, uzito wa chuma, maji yaliyomo.

"Sekunde tano," nikamwambia. "Labda sita. Halafu inakuangusha."

"Sekunde tano ni nyingi, dada. Ushawahi kuzihesabu?"

"Za kwenda wapi?"

Akaangalia upande wa kaskazini. "Nikishaijaribu hapa, nitaipeleka Buyangu. Kile kilima watu wanapandanga kuangalia msitu. Pale sihitaji kuinuka. Ninahitaji tu kuruka, halafu hii inishikilie."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga safari ya sokoni. Nilimtazama mkewe. Alikuwa amegeukia ukuta.

Jaribio lilipangwa saa nane mchana. Kaka alipoingia ndani kula obusuma, ugali wetu, nikabaki uani, nikachukua spana, nikailegeza valvu ile ya usalama nusu duara. Nilitaka ifunguke mapema na mvuke wote uishe. Nilijiambia akiona imeshindikana atachoka.

Ikawa hivyo. Alipowasha moto na sindano ya geji kuanza kupanda, valvu ikapiga mluzi mrefu, mwembamba, uliosikika mpaka kwa majirani, na mtungi ukajitoa pumzi mpaka ukanyamaza. Kaka alikaa chini akiwa na mikanda mapajani. Hakukasirika. Aliitazama valvu kwa muda mrefu, akaigusa kwa kidole.

"Hii ndiyo mbaya," akasema. "Haiaminiki."

Nilirudi shuleni nikiwa nimeridhika. Usiku huo nililala vizuri, na jambo hilo bado linaniaibisha.

Jumatano mkewe alituma ujumbe kwa mwalimu mwenzangu aliyeishi karibu nao. Ulikuwa mfupi: kaka ameitoa valvu na mahali pake ameweka bolti, na leo hakwenda kazini.

Sikuomba ruhusa. Niliacha darasa na chaki mkononi. Nilipokata njia katikati ya mashamba ya miwa niliona moshi wa kuni ukipanda wima kutoka uani kwetu, maana upepo haukuwepo. Nilikimbia nikisikiliza. Nilikuwa nangojea mlipuko, na kila hatua ambayo haukuja ilinitisha zaidi.

Mke wa kaka alikuwa amesimama mbali, kwenye ua wa jirani, mikono juu ya tumbo. Kaka alikuwa karibu na moto. Mtungi ulikuwa umekaa juu ya mawe matatu, nao ulikuwa ukitoa sauti ambayo sijaisikia tena mahali popote, mlio mdogo wa chuma kinachojinyoosha.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Valvu niliilegeza mimi! Ilikuwa nzima! Toa hiyo bolti!"

Aligeuka. Nilimwona akielewa. Alitazama geji, na hata kutoka pale niliposimama niliona sindano imefika mwisho na kulala.

"Haitoki sasa," akasema taratibu. "Nikiigusa inanivunja uso. Kaa hapo hapo."

Akazivuta kuni kwa reki, moja moja. Nilidhani atakimbia aje tulipokuwa. Au angeweza kuufunga mtungi kwenye kisiki, akafungua breki kwa kamba ndefu, nasi tukalala chini. Nadhani alilifikiria hilo, maana alikitazama kisiki. Kisha akachutama, akaupa mtungi mgongo, akaivaa mikanda.

Mkewe aliita jina lake mara moja tu.

Alipobana breki sikuona kitu ila weupe. Kelele zilikuwa kama shuka kubwa linalochanwa. Kutoka katika weupe ule kaka yangu akatokea juu, miguu ameikunja, akaupita ua wetu, akaning'inia juu ya miwa michanga ya jirani. Alikuwa akitazama mbele. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Nilianza kuhesabu bila kujua ninahesabu, na nilipofika tatu kelele zikakoma ghafla, naye akaanguka.

Tulimkuta kati ya miwa iliyovunjika. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, na nyuma ya mapaja ngozi ilikuwa imebanduka kama ya kiazi kilichochemshwa. Tulimbeba juu ya mlango tulioung'oa jikoni, mimi, mkewe na wanaume wawili waliokuwa wakikata miwa. Njia nzima hakulia. Mkewe ndiye aliyelia, tena kwa hasira.

Alilazwa kwa miezi. Mtoto alizaliwa yeye akiwa bado wodini. Nilikwenda kumwona kila Jumapili, nikimpelekea uji, lakini hakunisemesha. Alikula, akanirudishia kikombe, akageukia upande mwingine. Nilijua ni kwa ajili ya valvu. Nilijua pia kwamba isingekuwa mimi bolti isingekuwepo.

Jumapili moja, nikiwa nasimama kuondoka, akasema bila kugeuka, "Nilifika wapi?"

Mkewe alikuwa pale akimnyonyesha mtoto. Aliacha kumpapasa.

"Kimo cha mlango," nikajibu.

Akafikiri. "Mlango wa nyumba au wa kanisa?"

Ukweli ni wa nyumba, na pengine viganja vichache zaidi.

"Wa kanisa," nikasema.

Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alinitazama usoni, na macho yake yalikuwa yamechangamka kabisa, hayana maumivu wala majuto. Kisha yakahama, yakaenda juu kwenye dari, na midomo yake ikaanza kusogea polepole. Alikuwa anapiga hesabu.

Mkewe alinifuata mpaka nje kwenye veranda, mtoto begani.

"Mulamwa," akaniambia kwa sauti ya chini, "usimwambie tena kitu kama hicho. Hata akikuuliza akilia."