Nani Alibadilisha Tepe?

Shangazi yangu anajua kushona mkono wa shati, basi. Kola hawezi, tundu la kifungo hawezi. Katika kiwanda cha sare alikofanya kazi miaka tisa, kila mtu alikuwa na kipande chake, na vipande vikageuka majina: yeye Mikono, aliyekaa kulia kwake Kola, wa kushoto Vifungo. Ukitaka shati zima, ilibidi uwaite wote watatu.

Mikono iliyokatwa tayari hufanana kama mapacha, kwa hiyo ilimfikia ikiwa imefungwa mafungu mawili: utepe mweupe wa kushoto, utepe wa buluu wa kulia. Siku moja mashati mia moja ya wanafunzi yalitoka na mkono wa kulia umeshonwa kushoto, na wa kushoto kulia. Ukilivaa, shati linakuvuta nyuma kana kwamba halitaki kwenda shule. Shangazi aliapa kwamba alifuata tepe. Msimamizi akamwonyesha mlango.

Ni miaka ishirini na miwili sasa. Kazi alipata nyingine, ya usafi wa ofisi, lakini tangu hapo hajiamini. Akifunga mlango anarudi kuutikisa mara tatu, kisha ananiuliza mimi kama umefungwa kweli. Cherehani yake aliigawa. Wenzake hakuwatafuta tena, kwa aibu.

Mwezi uliopita akakutana na Vifungo kwenye foleni ya kliniki, akaalikwa Jumamosi nyumbani kwa Kola, bustanini. Alikubali, kisha siku nne nzima akakosa raha.

"Nataka kuwauliza kitu kimoja tu," aliniambia. "Ni mimi niliyekosea, au kuna mtu alibadilisha tepe?"

Mimi ni mdaku wa kuzaliwa. Nilijitolea kumsindikiza kabla hajafunga mdomo.

Bustani ilikuwa nyuma ya nyumba: matuta ya mchicha, mawaridi mawili matatu, viti vya plastiki chini ya mpera. Walikumbatiana, wakalia, wakachekana. Vifungo alikuwa amenenepa, Kola amevaa miwani mizito, na shangazi wakamwambia hajazeeka hata kidogo, uongo mtupu. Yakasemwa ya watoto, ya magoti, ya presha. Chai ikamiminwa mara ya pili na mimi bado najiuliza atauliza lini.

Aliuliza Vifungo alipokuwa anakata mapera. Aliuliza taratibu, macho kwenye mchicha. Vifungo alisema wazo la tepe kubadilishwa halijawahi kumwingia akilini. Kola akaweka kikombe chini.

Siku ile, alisema, alikuwa na mimba ya miezi mitano na alikuwa anaificha, maana mjamzito hakuongezewa mkataba. Kifungo cha sketi kikakatika. Wenzake walipokwenda kula mchana, akazifungua tepe za yale mafungu mawili, akaziunga, akajifunga kiunoni. Baadaye akapata pini, akazirudisha mbiombio kabla kengele haijalia.

"Nilizirudisha kinyume," akasema. "Nililijua jioni ile ile. Ningesema, wangeuliza nilizitumia kwa nini, na tumbo lingejulikana. Nikakuacha uende, Mikono."

Kisu cha Vifungo kilikuwa kimesimama katikati ya pera. Shangazi akamwambia Kola aseme tena. Kola akasema tena.

"Tena."

Safari ya tatu Kola alikuwa analia, na shangazi naye machozi yanamtiririka, lakini uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Nilishindwa kujua kama ni hasira au ni furaha.

"Kumbe sikukosea," akasema. "Miaka yote hii nilidhani kichwa changu ni kibovu."

Kola akaomba msamaha. Shangazi akasimama. Nikajua tunaondoka, nikashika mkoba wake. Kumbe alikuwa anainua kiti, akakibeba hadi upande wa Kola.

"Sijakusamehe," akamwambia. "Hilo litachukua muda, na utanisubiri. Sogea kidogo nikae hapa, kule jua linanichoma."