Ng'ombe Mwenye Ritifaa

Matusi yalikuwa yakimiminika kwenye tovuti yetu. Roboti, yaani programu zinazojifanya watu, zilijaza sanduku la ujumbe vitisho na uchafu, na dada yangu alisoma yote, maana katikati yake huenda kulikuwa na mwanamke anayeuawa. Yeye anaendesha makao ya wanawake waliopigwa na waume zao hapa Machakos mjini. Mimi ni fundi wake wa tovuti, na hasira zangu ziko karibu.

Kwanza nilijaribu ile kinga inayomtaka mtu achague picha kuthibitisha kwamba si roboti. Huduma ile ilitaka kufuatilia simu ya kila anayefungua ukurasa, na dada akakataa katakata.

"Hawa wanawake tayari wanafuatwa," alisema.

Basi tukatunga swali letu wenyewe kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, ambalo lazima mtu alijibu kabla ujumbe haujatumwa: mnyama gani huzaa ndama? Dada, aliyefundisha Kiswahili miaka mingi, ndiye aliyeandika jibu: ng'ombe. Roboti zikanyamaza. Ukimya ule ulitufurahisha, Mungu atusamehe.

Asubuhi moja pikipiki ikasimama getini. Mwanamke alikuwa ameshikiliwa na jirani yake, taya limepinda, damu imekauka mpaka kifuani.

"Tumetoka Kathiani," jirani alisema. "Alikuwa anaandika kwa simu huko nyuma ya choo, bwana yake akamkuta. Amempiga na mpini ya jembe. Akianguka, akampiga mateke, watoto wakiona."

Mwanamke hakuweza kusema. Alinisukumia simu, kioo kimepasuka. Ukurasa wetu ulikuwa bado wazi. Ujumbe wake haukuwa umetumwa: Anakuja kuniua nisaidieni. Kwenye kisanduku cha jibu alikuwa ameandika ngombe. Chini yake kulikuwa na maneno mekundu: Jibu si sahihi. Jaribu tena.

Nani hapa kwetu hutafuta ritifaa kwenye simu, kile kialama kati ya g na o? Sembuse mtu anayesikia mumewe akija.

Alipokwisha kupelekwa hospitali nilimgeukia dada. Nilirusha kikombe ukutani, kikapasuka karibu na kichwa chake.

"Ritifaa!" nilipiga kelele. "Umemvunja taya kwa ritifaa!"

Alijikunja, mikono juu ya kichwa, jinsi wanawake wa makao yetu wanavyojikunja mlango ukigongwa. Nilijichukia pale pale. Niliokota vigae, naye akalia bila kuniangalia.

Siku hiyo hiyo nilifuta swali. Sasa, mtu akiwa bado anaandika, simu yenyewe inakokotoa hesabu ndogo kimyakimya. Kwa simu moja ni kazi ya sekunde chache. Roboti inayotuma maelfu inalazimika kuikokotoa mara maelfu, na inavunjika mgongo. Kinga hii haiulizi jina wala haihifadhi chochote kuhusu simu. Haimwambii mtu kwamba amekosea.

Mwanamke alirudi kwetu taya likiwa limefungwa kwa nyaya. Nilimweleza nilichobadilisha. Alichukua ile simu iliyopasuka, akafungua ukurasa wetu, akaanza kuandika, kidole gumba kikigonga kioo kana kwamba anampiga mtu.

Kompyuta yetu ikalia kwa ujumbe mpya. Ngombe. Ikalia tena. Ngombe. Alituma mpaka mkono ukachoka, akiwa ametukazia macho sisi wawili, na kila ujumbe ulipita.

Dada alisoma jumbe zote, moja moja, na hakusahihisha.