Kaunti Iliyoachwa Nyeupe

Jumamosi moja, ndani ya basi la kwenda Hyattsville, wanawake wawili wenye sare za wauguzi walikaa mbele yangu. Mkubwa, Mkenya wa magharibi, alikuwa akitafuta nyumba ya kununua. Alikuwa ametandaza mapajani ramani ya Maryland, jimbo letu hapa Marekani, iliyopakwa rangi kuonyesha majanga ya kila kaunti.

"Huku baharini kuna vimbunga," alisema, akionyesha kwa kadi ya simu iliyokwisha salio. "Huku milimani, theluji inafunika magari. Na hii yetu, mto hufurika."

Mwenzake, binti Mtanzania, aligusa kaunti iliyoachwa nyeupe. "Hii hapa, mama. Haina janga lolote."

Yule mama akasema, "Kwetu Kenya mto ulifurika kila msimu wa mvua. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo. Mama yangu akiona mvua haikatiki, aliweka sufuria kubwa motoni kabla majirani wa bondeni hawajapiga hodi. Tulilala watoto kumi na mmoja kwenye mkeka mmoja. Hakuna aliyeuliza wageni wataondoka lini."

Kisha akauliza, "Huko kweupe unamjua nani?"

"Simjui mtu."

"Basi maji yakija, nitapiga hodi kwa nani? Na yasipokuja, nani atapiga hodi kwangu?"

Akaikunja ramani.

Mimi naishi ghorofa ya tatu, salama kabisa. Kwa miaka minne, mlango wangu umegongwa mara moja tu, na kijana aliyeleta piza ya jirani.