Taa ya Oili ya Lori la Fuseini

Fuseini Yakubu alikuwa na miaka hamsini na tisa, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza akibeba viazi vikuu kutoka mashamba ya Savelugu hadi soko la Tamale, kaskazini mwa Ghana, kwa lori lilelile. Taa nyekundu ya oili ilipowaka kwenye dashibodi, alijiambia ni sensa tu, kile kifaa kinachopima presha ya oili, imechoka. Akaendesha hivyo hivyo wiki tatu.

Jumatatu asubuhi akafika gereji kwa fundi Sulemana, rafiki yake tangu utotoni, na sensa mpya mfukoni.

"Nifungie hii, mwenzangu. Ya zamani mwongo mkubwa."

"Umeujuaje uongo wake? Kwani uliioa?"

Sulemana alichomoa waya wa betri, akaingia uvunguni, akailegeza sensa ya zamani kwa spana. Oili ikamchuruzikia mkononi, nyeusi, na ndani yake chembe za chuma zinang'aa. Kicheko kikamwisha. Akaifunga mpya, kwanza kwa vidole, kisha akaikaza taratibu, akarudisha nyaya zote.

"Haya, washa."

Injini ikanguruma. Taa haikuzima.

"Wameniuzia feki," Fuseini akasema.

Sulemana akaitoa, akafunga geji ya kupima presha mahali pake. Injini ilipowashwa tena, mshale ulitikisika kidogo, ukalala kwenye sifuri.

"Beringi za injini zimeliwa, ndugu yangu. Sensa ilikuwa inakwambia ukweli. Ungekuja siku ile ile ilipowaka..."

"Usimalizie."

Pesa ya injini nyingine asingeipata, na wote wawili walilijua hilo. Sulemana akairudisha sensa.

"Basi ng'oa waya wake, taa izime. Mteja wangu Azara wa sokoni ananingoja shambani na viazi vyake."

"Mimi sizibi mdomo wa mgonjwa."

Fuseini akaung'oa mwenyewe.

Alifika shambani, wakapakia. Katikati ya safari ya kurudi injini iligonga kama nyundo mara tatu, nne, ikakwama. Azara, aliyeketi kando yake, akauliza, "Itawaka?"

"Haitawaka, dada yangu."

Lori jingine liliposimama, Fuseini alihamisha viazi vyote kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa.

"Panda nawe, twende," Azara akamsihi.

"Nendeni tu."

Lori lake liliuzwa chuma chakavu. Siku hizi wanawake wa sokoni aliokuwa akiwabebea viazi wakimwona humwamkia kwa jina, naye hujifanya hajasikia.