Kitenge cha Bibi na Farasi wa Sarakasi

Harufu ya maganda ya kahawa yanayochacha hunirudisha moja kwa moja sebuleni kwa Mama Ndeshi, Mchaga aliyekuwa na duka hapa Makumira. Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vya nje vimeanza kujaa madukani, na mumewe alikuwa ameleta televisheni ya rangi na deki ya video. Jumapili moja, msimu wa kuchuma ndiyo kwanza umeanza, tulitoka ibadani tukajazana pale, kucha bado nyeusi kwa utomvu wa kahawa, kuangalia picha ya mapenzi ya watu wa sarakasi. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeisubiri wiki nzima. Nataka kuandika kwa haki, kwa hiyo naanza na mazuri: nguo zao zilimetameta, na yule dada aliyetembea juu ya kamba, sijaona tena mtu mwepesi kama yeye.

Yaliyobaki yalinichefua, na mpaka leo yananichefua. Mpenzi wa yule dada alikuwa mfundisha farasi. Farasi wake mweupe kila akikataa kupanda juu ya pipa alichapwa mjeledi mpaka mapaja yakamtetemeka. Kisha huyohuyo mwenye mjeledi anakwenda kwa dada na maua, muziki unalia ili tumpende. Midomo ilipokaribiana, Bibi yangu, mzee wa kanisa aliyekaa mbele kabisa, alinyanyuka akatupa kitenge chake juu ya kioo.

"Bibi, tufunulie bwana!" vijana wakalalamika.

"Nyamazeni! Haya yenu mmeipeleka mnadani?" Akainua pembe ya kitenge, akachungulia peke yake, akaishusha haraka. "Bado. Hivi hawa watu hawana shamba la kupalilia?"

"Mbona wewe unaangalia?" Mama Ndeshi akauliza huku akicheka.

"Mimi nimeshazeeka, hainidhuru."

Alifunika mara nyingi, nusu ya picha nikaishia kuisikia tu. Ndiyo maana najitilia shaka. Huenda chini ya kitenge yule bwana alijuta, huenda dada alimkemea. Mimi niliishia darasa la saba, sijui picha zinavyotungwa. Ninachojua ni kwamba mjeledi haukufunikwa hata mara moja.

Kesho yake nilimfungua Pentekoste, ndama wetu aliyezaliwa sikukuu hiyo. Mama yake alikuwa amekufa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha, akinyonya vidole vyangu nilivyochovya ndani ya ndoo ya maziwa. Nikapindua debe, nikamwambia apande. Akakataa. Nikavunja tawi la mbuni. Nilimchapa huku nikitabasamu kama yule bwana, na aibu yangu kubwa ni kwamba masikioni mwangu nilisikia watu wakinipigia makofi. Bibi alitukuta ndama amepiga magoti, sikio linatoka damu. Nilingojea zamu yangu ya kuchapwa.

"Nani amekufundisha haya?"

"Yule wa kwenye video, Bibi."

Alinipokonya lile tawi, akalitupa kando, akakaa juu ya debe kama mtu aliyechoka ghafla. "Mbona nilifunika," akasema, na sidhani alikuwa anasema na mimi. Pentekoste hakunyonya tena vidole vyangu. Alikunywa kwa Bibi tu. Nikisogea mimi, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Siku hizi hatujazani kwa mtu, picha zote zimo ndani ya simu. Sitasema zamani tulikuwa wasafi zaidi, ningekuwa nadanganya. Sebule nzima ilimtazama mnyama akipigwa na hakuna aliyeguna. Ila angalau palikuwa na mtu aliyeshika kitenge. Binti yangu hutazama peke yake chumbani, na nikipita mlangoni anaigeuza simu kifudifudi godoroni haraka. Namwacha. Narudi jikoni nikiomba yawe mabusu tu.