Lango Lililojifunga

Ukitaka kunyolewa kimyakimya, usiende kwa Mzushi. Huyu ni kinyozi, na kwa jina hilo wateja hawakumwonea: wembe mkononi, chuku mdomoni. Chumba chake kina kiti kimoja cha kuzunguka kilichogoma kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi la wanaosubiri zamu. Baba yake hukaa hapo kutwa nzima, ingawa kichwani hana hata unywele mmoja wa kusingizia.

Basi mtu huyuhuyu akaandika kitabu. Watu walicheka, wakanunua, wakasoma, wakaacha kucheka. Kilihusu moto wa kiwanda cha sabuni, moto wa kweli, ambao kila mtu mtaani ama anaukumbuka ama amesimuliwa. Wafanyakazi wa mchana walikimbilia lango wakalikuta limefungwa, na wengi hawakutoka. Mzushi aliwaandika wote, na kazi zao, na utani wao, hata harufu ya mafuta yakichemka. Ila alipofika langoni aliingiza jini. Kitabuni lango lina jini, limechoka kupigwa mateke, linajifunga lenyewe, na waliokufa wanageuka mapovu, wanapaa juu ya ukuta na kwenda zao.

Kila aliyekalia kiti alimwuliza: jambo lenyewe la kweli, majini ya nini tena? Jibu alikuwa nalo tayari, akilitoa huku ananoa wembe: historia peke yake haimezeki, lazima uilainishe kidogo. Wateja wakatikisa vichwa kwamba jamaa ana akili.

Akili gani! Alikuwa anaona haya, na haya hizo alikuwa nazo tangu utotoni. Mlinzi wa lango siku ile alikuwa baba yake. Alilifunga kama alivyoagizwa ili sabuni zisiibwe, kisha akatoka na ufunguo kwenda kunywa chai. Alipohojiwa akasema alikuwa ameshamwachia mlinzi mwenzake ufunguo. Jioni Mzushi, bado mtoto, aliuona ufunguo ndani ya koti la baba, akaurudisha mfukoni na kufunga mdomo. Yule mwenzake akabeba lawama mpaka kaburini.

Ukiandika lango lilifungwa, msomaji atauliza na nani. Ukiandika lilijifunga, hakuna wa kuulizwa. Uchawi wote wa kitabu kile ulikuwa ndani ya hiyo "ji", mengine yote ni mapambo.

Asubuhi moja aliingia fundi bomba ambaye hakuwahi kuonekana pale. Alimwamkia mzee benchini kwa heshima zote, akakaa kwenye kiti, akapakwa povu. Wembe ulipofika shingoni ndipo akajitambulisha: yeye ni mtoto wa yule mlinzi aliyelaumiwa.

"Kaka, nimekuja kukushukuru," alisema. "Mama yangu alikuwa hawezi kwenda hata dukani bila kusemwa. Wanangu nao huko shuleni waliitwa wajukuu wa muuaji. Sasa wenzao wamekisoma kitabu chako, wanasema lango lilijifunga. Baba yangu umempumzisha."

Kiooni Mzushi aliuona uso wa baba yake umeinuka, unamtazama. Maneno yalimjaa kinywani, na laiti angeyatema palepale. Lakini mtu aliyezoea kusema kutwa nzima, siku hiyo alipata moja tu.

"Usiongee, kaka, nitakukata."

Akamnyoa vizuri kuliko alivyowahi kumnyoa mtu yeyote. Akakataa malipo. Fundi akamsifu kwa ukarimu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na Mzushi akatamani ardhi ipasuke immeze na wembe wake. Mgeni akaaga, akatoka.

Mzushi akajifanya anafagia, ingawa sakafu ilikuwa safi.

"Kumbe ulijua," baba yake alisema.

Mzushi akakubali bila kugeuka. Akasema aliuona ufunguo, na kwamba yote aliyoyaandika aliyaandika ili kumsitiri. Hakuna mtoto anayependa kumwanika mzazi wake.

"Nani alikutuma?" Sauti ya mzee haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililomuumiza. "Unadhani nakaa hapa kusikiliza chuku zako? Kwa kinyozi hupita kila mtu. Kuanza mwenyewe nilishindwa, mwanangu, woga umenila. Lakini nilijiambia, siku moja atakuja mmoja wa niliowaumiza aniulize ana kwa ana, nami nitasema. Leo amekuja mwenyewe hasa, kakaa hapo mbele yangu, na hakuuliza. Hana la kuuliza tena. Umeshamjibu."

Hakuna jini aliyejitokeza kumsaidia Mzushi. Alimtazama mzee, akaona kwamba hakumsitiri mtu ila nafsi yake, mtoto asiyetaka kuitwa mtoto wa mlinzi yule.

Akatupa fagio. Akatoka mbio barabarani na koti lake la kazi, povu bado limemganda vidoleni, akamwita fundi bomba aliyekuwa ameshafika kwenye kona.

Fundi akageuka, akarudi akitabasamu, akijipapasa mifuko kuona amesahau nini.